Nembo ya televisheni isomwe pamoja na mtambo wake

Ndugu Mhariri,

Historia ya nembo za kituo cha televisheni huandikwa kwa mtindo uleule: picha tano au sita hupangwa safu, kila moja na mwaka wake, na msomaji huamini kwamba ni ladha ya wakurugenzi tu iliyokuwa ikibadilika. Tunaomba nafasi tuseme kwamba mabadiliko mengi yalilazimishwa na mitambo. Anayeusahau mtambo hukosea hata miaka.

Nembo ya dunia iliyokuwa ikizunguka kwenye skrini ya BBC1, chaneli ya Uingereza, hadi Februari 1985 ilikuwa kifaa halisi chenye mota, kikipigwa na kamera isiyo ya rangi. Rangi ilitiwa kwa umeme. Kuibadilisha rangi hakukuhitaji kuunda kifaa kingine. Ilipokuja kompyuta, kifaa kikapumzishwa.

Jambo zito zaidi ni mistari ya skrini. Katika PAL, mfumo wa zamani wa televisheni ya rangi, picha ina mistari 625, inayoonekana ikiwa 576, nayo huchorwa kwa awamu mbili: ya witiri, kisha ya shufwa. Mchoro mlalo wenye unene wa mstari mmoja huonekana katika awamu moja tu, kwa hiyo humemeta mara 25 kwa sekunde. Dawa yake ni kuunenepesha ufikie angalau mistari miwili. Mchoro wa mshazari nao huota meno kama ya msumeno. BBC ilipoyasimamisha wima masanduku ya nembo yake yaliyokuwa yameinama, Oktoba 1997, hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu. Nyekundu iliyokolea huvuja nje ya herufi, kwa kuwa rangi ilitengewa nafasi finyu zaidi katika mawimbi kuliko mwangaza wa picha. Nembo ikionekana imepauka katika kanda moja ya video kuliko nyingine, chunguzeni kwanza kanda zenyewe kabla ya kutangaza toleo jipya.

Umbo nalo hudanganya. Kanda ya PAL ikinakiliwa kwenye kompyuta kwa pikseli (nukta za picha) 720 kwa 576 bila kusahihishwa, duara hubanwa kiasi cha asilimia 6; upana sahihi ni 768. Picha ya 4:3 (uwiano wa upana kwa kimo wa televisheni za zamani) ikivutwa ijaze skrini pana ya 16:9, duara hupanuka kwa theluthi nzima. Tumekwisha kuona yai la namna hiyo likiorodheshwa kama nembo ya pekee, na inasikitisha, maana wengine hunakili kosa hilo na kuliendeleza.

Kwa nembo ndogo inayokaa kwenye kona ya skrini wakati wa vipindi, pimeni umbali wake kutoka ukingoni. Katika fremu yenye upana wa pikseli 1920, mtazamaji mwenye skrini ya 4:3 aliyekatiwa picha pande zote mbili hupoteza pikseli 240 kila upande. Nembo iliyosogezwa ndani ya mpaka huo huashiria kituo kilichokuwa bado kikiwajali watazamaji hao; ikihamia pembeni kabisa, kwa kawaida ni ya baadaye.

Kuhusu mwaka: kanda ya 1986 inathibitisha kwamba nembo ilitumika 1986, si kwamba ilianza mwaka huo. Andikeni "ilionekana". Nembo ya zamani huweza kubaki kwenye maikrofoni na magari baada ya ile ya skrini kubadilika, kwa hiyo kila picha iandikiwe ilikotolewa. Na mwenye kanda ainakili nzima, pamoja na matangazo ya biashara. Mara nyingi hayo ndiyo yanayotoa tarehe.

Wahifadhi wa kumbukumbu za televisheni