Mikono ile si ya bibi yangu

Bombo, Uganda

Somo yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Ujumbe wako ulinifikia Ijumaa nikiwa kwenye matatu, narudi kutoka Kampala. Umeniambia umemnunulia mwanao kile kitabu, na ulipoliona jalada machozi yakakulengalenga, kwa kuwa umemwona bibi yangu kabisa, ameketi barazani anasuka tabaga yetu ya Kinubi ya kufunikia chakula. Tangu siku hiyo sina raha. Picha ile sikuichora mimi, somo. Imetengenezwa na akili bandia, nami nikatia jina langu.

Mwenye kitabu alinijia Jumatatu jioni pale ninapofanyia kazi, Nasser Road, akalitaka jalada Jumatano asubuhi. Unaujua mtaa ule wa wapiga chapa: ukikataa kazi, wa mlango wa pili anaichukua. Nilikuwa na homa na karo ya mtoto ilikuwa inadaiwa. Nikafungua programu kwenye simu, nikaandika: bibi wa Kinubi, Uganda, anasuka kikapu, rangi za maji. Haikupita dakika, akatokea. Nikapanga herufi za jina la kitabu, na pembeni nikaandika "Mchoro wa", kisha jina ambalo ni langu na ni lako pia.

Sasa lichukue jalada ulitazame tena, taratibu. Yule bibi anapitisha ukindu juu na chini kama anayesuka mkeka. Tabaga haisukwi hivyo. Ni kama kawa lenu la huko pwani kwa umbo, lakini hushonwa: unazungusha kiini cha nyasi, unakiviringishia uzi wa rangi, na kila mzunguko unaushonea kwenye ule uliotangulia. Bibi hakuwahi kuketi na kazi yake bila sindano. Alikuwa akiulowesha uzi mdomoni, akiubana mzunguko kwa dole gumba la kushoto, lile lenye ukucha uliopasuka, na akikosea rangi alifumua mpaka mahali pa kosa hata kama ni kazi ya siku mbili. Yule wa jaladani hana sindano, na kucha zake zote ni nzima. Mimi niliyekaa miguuni pa bibi miaka yote ile niliyaona haya usiku uleule, nikanyamaza.

Baadaye nilisoma jinsi programu hizi zinavyofunzwa. Hupewa picha pamoja na maelezo yake, picha ikafunikwa chengachenga kama za televisheni iliyokosa mawimbi, kisha mashine ikajifunza kuziondoa kidogokidogo mpaka sura ijitokeze. Mkusanyo mmoja uliotumika kufunzia, LAION-5B wa mwaka 2022, una viungo vya picha zaidi ya bilioni 5.8, zilizozolewa mtandaoni bila wenyewe kuombwa. Humo mna kazi za wachoraji kama mimi, walioziweka ili wateja wazione. Na kuna wale vijana wa Nairobi ambao jarida la Time liliwaandika mwaka 2023, waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu ili ChatGPT ifunzwe kuyakwepa. Watu wote hao wamefichwa nyuma ya neno "mashine", na mimi kwenye jalada lile nilisimama mbele yao nikasema ni mimi.

Linaloniuma zaidi ni kwamba nimewahi kugombana na wateja kwa ajili ya jina langu. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2006 inampa mtunzi haki ya kutajwa kwa kazi yake, nami nimeitaja sheria hiyo kila bango langu lilipotoka bila jina. Huko Marekani, Machi 2025, mahakama ya rufaa ya Washington ilisema kazi iliyoundwa na mashine peke yake haina hakimiliki, sharti awepo mtunzi binadamu. Kwa jalada lile mtunzi hakuwapo, somo. Palikuwa na mtu mwenye homa na simu.

Simu sijaitupa. Naitumia kusafishia picha kuukuu zenye madoa, na kujaribia rangi kabla sijachovya brashi, na mteja namwambia. Ila sura ya mtu, na kazi ya mikono ya watu wetu, sitaiagiza tena kwa mashine. Nimemwendea mwenye kitabu nikamweleza yote. Alishangaa, akaniambia hakuna atakayekagua sindano. Nimemwomba kabla ya chapa ya pili anipokee jalada jipya, bila malipo, na amekubali.

Kwa hiyo nina ombi. Ile tabaga ambayo bibi alimpa mama yako Idi ile mliyokuja Bombo, nijuavyo bado mnaifunikia chakula. Huku kwetu zake zote zimekwisha. Tafadhali mwombe mama aigeuze, unipigie picha kwa ndani, pale katikati bibi alipoanzia kushona. Piga karibu kabisa, mchana, nizione nyuzi.

Msalimie mama sana, na umbusu mtoto.

Somo yako