Unga wa stafeli kwa vifaranga: tunataka majaribio, ushuhuda hautoshi

Mhariri,

Naandika kuhusu huu unga wa stafeli ambao sasa hivi umeshika kasi kwa sisi wafugaji, maana kila grupu la kuku unaloingia kuna mtu anauza makopo, anakwambia weka kijiko kwenye maji ya vifaranga na mareksi, ile kansa ya kuku, hutaisikia tena, wengine wameenda mbali zaidi wanasema hata ng'ombe na mbwa unawakinga na kansa ya damu. Jirani yangu mmoja hapa Mkuranga amenunua na chanjo ameacha kabisa. Hapo ndipo nikaona siwezi kukaa kimya.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na stafeli wala na dawa za miti. Vinkristini, dawa ambayo mpaka leo inatibu watoto wenye kansa ya damu, imetoka kwenye lile ua dogo la pinki lenye petali tano tunalopanda mbele ya nyumba, asili yake Madagaska hapo jirani tu. Watafiti wa Kanada, Robert Noble na Charles Beer, miaka ya 1950 walikuwa wanatafuta dawa ya kisukari kwa sababu watu wa Jamaika walikuwa wanachemsha majani yake wanakunywa, wakawapa panya, sukari haikushuka ila chembe nyeupe za damu ndio zikashuka, na kampuni ya Eli Lilly ya Marekani nayo ikaona panya wenye lukemia, yaani kansa ya damu, waliopewa dondoo la mmea huo wanaishi muda mrefu kuliko wenzao wasiopewa. Mwaka 1963 vinkristini ikaruhusiwa Marekani. Kwa hiyo mmea kuwa dawa inawezekana kabisa, lakini ilikuwepo ile "kuliko wenzao wasiopewa", na hiyo ndiyo sijaiona kwenye kopo lolote la stafeli.

Na hapa tunaongelea kukinga, ambako kudanganyika ni rahisi zaidi kuliko kwenye kutibu. Chukua ng'ombe. Kuna kirusi cha lukemia ya ng'ombe kinachohama kwa damu, kwa mfano mkitumia sindano moja zizi zima. Ng'ombe wengi wanaokipata hawaonyeshi dalili yoyote mpaka wanachinjwa, wanaofikia kuota uvimbe hawafiki 5 kwenye 100 na hiyo ni baada ya miaka. Sasa wewe mpe ng'ombe mwenye kirusi unga wa stafeli, mpe majivu, mpe maji matupu, zaidi ya mara 95 katika 100 utakuja kushuhudia kwamba umemkinga! Ndio maana mtu anaposema nimetumia na mifugo yangu mizima mimi namuamini kabisa kwamba mifugo yake ni mizima, ila haijaniambia chochote kuhusu unga.

Kwa kuku inawezekana kupima vizuri na kwa muda mfupi, ndio kinachoniuma. Mareksi ni kansa ya chembe nyeupe za damu inayoletwa na kirusi, kinatoka kwenye vinyweleo vya manyoya kinakaa kwenye vumbi la banda miezi na miezi, kifaranga anakivuta akiwa mdogo halafu wiki kadhaa mbele unamkuta kalala mguu mmoja mbele mmoja nyuma. Ukimpasua, ini limevimba lina madoa meupe na mshipa wa fahamu wa pajani upande mmoja umenenepa kuliko mwenzake, umepoteza ile mistari yake. Aliyeona hajasahau. Chanjo yake imekuwepo tangu karibu 1970, na ndiyo ya kwanza duniani kuzuia kansa kwa mnyama yeyote.

Basi chukueni vifaranga vya mtotoo mmoja, mama zao walewale, maana koo nyingine za kuku kwa asili zinaustahimili huu ugonjwa kuliko nyingine na hilo peke yake linaweza kumpa muuzaji sifa asiyostahili. Wavishwe namba za bawa, wagawanywe kwa kura, wengine wachanjwe, wengine wapewe unga bila chanjo, wengine wasipewe kitu, wote wakutanishwe na kirusi sawasawa kwenye mabanda ya utafiti, sio ya kwetu. Anayepasua waliokufa asijue nani alikunywa nini. Ndani ya miezi minne au mitano jibu lipo mezani. SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, wana wataalamu, TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, wana maabara Temeke, hii kazi haiwashindi.

Wauzaji wanapenda kusema "wanasayansi wamethibitisha". Kilichothibitishwa ni kwamba dondoo la mstafeli linaua seli za kansa kwenye vyombo vya maabara, na vitu vingi vinaua seli kwenye chombo, hata jiki inaua. Halafu kuna upande ambao hawausemi, kwamba stafeli lina kemikali inaitwa anonasini, panya waliowekewa kwenye damu wiki kadhaa wakapata madhara kwenye ubongo, na kule kisiwa cha Guadeloupe, Karibi, mwaka 1999 madaktari waliandika kuhusu wagonjwa wa kutetemeka na kukakamaa kama wa Pakinsoni wengi wao wakiwa walaji wa hili tunda na wanywaji wa chai ya majani yake. Sisemi mtu aache kula stafeli, mimi mwenyewe nakula. Nasema kumpa kifaranga kila siku unga uliokolezwa ambao hakuna aliyepima kipimo chake ni jambo zito.

Najua pia kwa nini wenzangu wananunua. Kichupa cha chanjo ya mareksi kinakuja dozi 1,000, ukishachanganya una kama saa moja tu kabla haijafa, na mtu ana vifaranga 150, anaona hasara. Na kuchanja ni siku ya kwanza, kirusi kikishatangulia umechelewa. Dawa ya hilo ni kukataa kununua kifaranga ambacho hakijachanjwa hukohuko kilikototoleshwa, dai karatasi yenye tarehe na namba ya chanjo, wakigoma nenda kwingine. Tukidai wote watafanya.

Na kwako mhariri, wakija hawa watu na tangazo lao naomba muwaulize kuku wangapi walipewa, wangapi hawakupewa, na nani aliwapasua. Wakiwa na majibu yachapisheni ukurasa wa mbele, mimi nitakuwa wa kwanza kununua.

Mfugaji wa kuku,
Mkuranga, Pwani