Upanuzi wa kituo cha michezo ya maji usipitishwe bila hesabu ya maji

Mhariri,

Nimesoma gazeti lako kwa miaka mingi bila kukuandikia hata mara moja, lakini taarifa yenu kuhusu ombi la kupanua kituo cha michezo ya maji, ambalo sasa liko mbele ya halmashauri ya jiji, imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu ametueleza ajira zitakazopatikana, urefu wa mitelezo mipya na ukubwa wa bwawa la mawimbi. Suala la maji yenyewe limemalizwa kwa kauli moja ya mwombaji, kwamba maji ya mabwawa huchujwa na kuzungushwa, na kwa hiyo jiji halitaongezewa mzigo. Hakuna diwani aliyeihoji kauli hiyo, wala gazeti lako halikuihoji.

Kuzungushwa yanazungushwa, lakini bwawa la wazi hupoteza maji kila siku, na pampu haiwezi kuyarudisha yaliyokwisha kupotea. Kina cha milimita moja kikikauka katika eneo la mita moja ya mraba, imepotea lita moja. Bwawa la mita za mraba 2,000 likipungua milimita 5 kwa siku moja ya jua na upepo, zimekwenda lita 10,000, na maji yanayopigwa mawimbi au kutiririka juu ya mitelezo hukauka haraka kuliko yaliyotulia. Hapo bado hatujahesabu yanayorushwa nje na waogeleaji, yanayotumika bafuni, wala yale ya kuoshea vichujio vya mchanga, ambavyo husafishwa kwa kupitishiwa maji kwa nguvu kutoka chini kwenda juu, kisha maelfu ya lita humwagwa. Maji hayo ya kuoshea huwa na klorini, ambayo hata kwa kiasi kidogo hudhuru samaki, kwa hiyo mahali yanapoelekezwa panapaswa kujulikana kabla ya ramani kugongwa muhuri.

Siandiki kwa kuuchukia mchezo huu. Watoto wangu walijifunza kuogelea katika kituo hichohicho na ninashukuru. Ninaandika kwa sababu ya niliyoyaona wakati wa mgawo wa maji uliopita, mabomba ya mtaa wetu yalipokauka na mama yangu akiwa kitandani, ametoka kufanyiwa upasuaji, na kidonda chake kikihitaji kusafishwa asubuhi na jioni. Nilikuwa ninarudi kutoka kwa ndugu niliyemwomba maji, nimebeba madumu, nikapita nje ya ukuta wa kituo na kuona mitelezo yote ikitiririka, na mfanyakazi akiosha uwanja wa maegesho kwa mpira. Nilikwenda ofisi ya maji kuuliza, nikajibiwa kwamba wateja wakubwa wana mikataba yao na laini yao haimo katika ratiba ya mgawo. Aliyenijibu alikuwa mtu mwenye adabu na sina ugomvi naye, ila mpaka leo sijapata mtu wa kunieleza ni nani aliyeamua kwamba mgonjwa asubiri zamu huku bwawa la starehe likijazwa, uamuzi huo ulipitishwa katika kikao gani, na kwa nini sisi tunaolipa ankara kila mwezi hatukuambiwa. Sasa halmashauri hiyohiyo inaombwa kukubali mabwawa mengine, na katika yote mliyoyachapisha hakuna neno hata moja kuhusu mgawo.

Tangazo la kutoa maoni nalo lilibandikwa kwenye ubao ulio ndani ya ofisi za halmashauri, na kikao kikapangwa asubuhi ya siku ya kazi. Majirani wengi wanaoishi chini ya mteremko hawakupata habari, ilhali wao ndio watakaopokea maji ya mvua pale uwanja wa nyasi, ambao leo huyanywa, utakapofunikwa kwa lami ili magari yaegeshwe.

Ninawaomba madiwani waahirishe uamuzi, waitishe kikao kingine jioni, na waweke masharti kwa maandishi. Kwanza, bomba linalojaza mabwawa lifungwe mita yake peke yake, na usomaji wake ubandikwe kila Jumatatu kwenye dirisha la tiketi, kwa tarakimu zinazosomeka kutoka barabarani. Pili, maji ya kuoshea vichujio yaondolewe klorini na yaingie katika mfumo wa majitaka, si katika mtaro wa mvua. Tatu, siku ratiba ya mgawo inapotangazwa, bwawa la mawimbi na mitelezo vifungwe asubuhi hiyohiyo, kabla ya mtaa wowote kukatiwa maji, na visifunguliwe mpaka mtaa wa mwisho katika ratiba upate maji. Mwombaji akiyakataa masharti haya, ombi lake likataliwe, na gazeti lako lichapishe jinsi kila diwani alivyopiga kura.

Msomaji wako wa siku nyingi