Risala ya Wahitimu wa Stashahada ya Ualimu wa Shule za Msingi kwa Mgeni Rasmi, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wakufunzi, wazazi na wageni waalikwa,

Karibuni sana. Barabara ya kuingilia chuoni umeiona mwenyewe, Mheshimiwa. Hiyo tunawaachia wadogo zetu waiseme mwakani.

Sisi tuna jambo la lugha. Tukiwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Monduli, mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Marangu, alisahihisha imla ya darasa la pili. Mtoto kaandika "sawadi", kaandika "mesa", kaandika "siwa". Kalamu nyekundu ikafanya kazi yake. Alipomwita asome, mtoto akasoma vilevile: sawadi, mesa, siwa. Kumbe kaandika sawasawa na alivyotamka! Kimaasai cha kwao hakina z, wala f, wala v.

Kesho yake mwenzetu aliwaambia watoto waweke vidole kooni, wavume kama nyuki: zzz. Kisha sss. Koo likitetemeka ni z, likitulia ni s. Darasa zima likavuma mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia kulikoni.

Mheshimiwa, ngeli tumefundishwa, na kufundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tunakuweza. Ila kuisikiliza lugha anayokuja nayo mtoto kutoka nyumbani tumejifunzia kazini, kwa kubahatisha. Nasi si malaika: humu ukumbini wamo ambao kila uchaguzi huenda "kupiga kula". Tena wengi wetu tulivishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kusema kilugha. Hatutaki kukirithisha.

Tusieleweke vibaya. Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia shule ya msingi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, nasi tunakipenda. Lakini mtoto wa Kimeru, wa Kiiraqw na wa Kimaasai hawakosei namna moja, na mwalimu asiyelijua hilo atamchapa mtoto kwa kosa lisilo lake.

Kwa hiyo tunaomba utusaidie kupata kamusi za kutosha maktaba, kinasa sauti walau kimoja, na nauli ya wazee wa lugha hizo waje wazungumze na wanachuo mara moja kila muhula. Chai tutawapikia wenyewe.

Tunaomba kuwasilisha.

Wahitimu