YAH: MALALAMIKO KUHUSU RIPOTI YA MAJARIBIO YA BASTOLA NDOGO

Kariakoo,
Dar es Salaam

Kwa Meneja,
Uwanja wa Shabaha na Duka la Silaha,
Dar es Salaam

Ndugu Meneja,

Jumamosi iliyopita saa tatu asubuhi nilifika uwanjani kwenu kuijaribu bastola ndogo ya milimita 9 mnayoiuza, ile ya kubeba kiunoni ndani ya shati isionekane. Nililipia risasi 100, mkufunzi na ripoti ya majaribio. Ripoti niliyopewa inasema risasi zote 100 zimepigwa na hakuna hitilafu. Huo ni uongo, na mkufunzi wenu anajua.

Mimi nauza vipuri Gerezani. Bastola kubwa ninayo, kwa kibali halali, mwaka wa tisa sasa. Najua pia hizi ndogo zina tabia zake. Tangu kampuni ya silaha ya SIG Sauer walipotoa bastola ndogo ya P365 mwaka 2018, risasi 10 ndani ya bastola yenye mtutu usiofika sentimita 8, viwanda vingi vimefuata njia hiyo. Mtutu mfupi, uzito mdogo, springi ngumu: lazima ipige teke, na mkono mlegevu unaweza kuikwamisha. Hilo nililitegemea.

Magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) mbili za kwanza, za risasi kumi kumi, zilikwenda vizuri. Ya tatu, ganda likanasa kwenye tundu la kutokea, limesimama wima. Mkufunzi akaniambia, "Kaza kiwiko, mzee wangu." Nikakaza. Magazini ya nne likanasa mara mbili. Ya tano nikampa yeye mwenyewe, kijana mwenye mikono imara, na kwake pia likanasa. Habari ya kiwiko ikaishia hapo.

Hayo ningeweza kuyamaliza kwa mazungumzo kaunta. Kilichonikosesha usingizi ni magazini ya sita. Risasi ya saba nilivuta triga nikasikia "pfu", kama soda inayofunguliwa, na mkono haukupata teke. Nikatoa kidole, nikaacha mtutu umeelekea kwenye tuta. Mkufunzi akasema, "Koki, endelea," yaani niingize risasi nyingine mtutuni nipige. Nikakataa. Akarudia kwa sauti ya juu mbele ya wateja wengine. Nikasubiri, nikachomoa magazini, nikatoa ganda, nikaomba ufito wa kusafishia. Ukaingia kidogo tu, ukagota. Risasi ilikuwa imekwama katikati ya mtutu. Nguvu ya baruti haikutosha kuitoa. Ningekoki na kuvuta tena, ya pili ingeigonga ya kwanza na mtutu ungeweza kupasuka mkononi mwangu. Yeye alikuwa amesimama begani kwangu.

Simlaumu kwa kutosikia ule mlio, maana viziba masikio vinaficha mengi. Namlaumu kwa kuniamuru niendelee baada ya kumwambia nilichosikia.

Tulisimama kwenye risasi ya 57. Hizo 43 zilipigwa na nani?

Naomba ripoti iandikwe upya ikitaja kunasa kwa ganda mara nne na risasi iliyokwama, pamoja na namba ya bastola hiyo, kwa sababu mteja mwingine ataikuta kabatini akiwa na karatasi yenu mkononi. Naomba nirudishiwe fedha ya risasi 43 na ya ripoti. Risasi za toleo lile ziondolewe uwanjani leo, si kesho. Kifuniko cha boksi chenye namba yake ninacho. Na mkufunzi asisimame nyuma ya mteja mpaka afundishwe maana ya mlio hafifu.

Nisipopata jibu la maandishi ndani ya siku 14, nitapeleka malalamiko haya Tume ya Ushindani, na nakala polisi wanaosimamia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Mkiwa na shaka na maelezo yangu, muulizeni kijana wenu. Risasi ile aliigonga kwa ufito ikatoka, akaitia mfukoni mwa suruali yake mbele yangu.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu, Gerezani