Barua ya Kufunga Muhula wa Kwanza kwa Wazazi na Walezi

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Yah: Kufunga muhula, maktaba yetu, na video ya kidato cha pili

Poleni na shughuli za mavuno. Shule inafungwa Ijumaa hii saa sita mchana na itafunguliwa tarehe iliyo kwenye kalenda mliyopewa Januari. Ripoti ya mtoto wako imeambatanishwa. Isome, usiitie sahihi tu. Vyoo vya wasichana vimekamilika. Kuhusu sketi fupi, tulishazungumza.

Sasa nije kwenye jambo linalonifurahisha, na mnivumilie nikilirefusha.

Mliofika siku ya wazazi mlikiona kile chumba cha pembeni ya bwalo, kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Leo ni maktaba, tena si maktaba ya kufungwa kwa kufuli ikimsubiri mkaguzi. Mkutubi wetu, ambaye kazi hiyo ameisomea Bagamoyo, amekipa kila kitabu namba, na namba hizo ziko kwenye kompyuta kupitia Koha, programu ya bure iliyoanzia New Zealand mwaka 1999 na ambayo sasa inatumiwa na maktaba nyingi duniani. Mtoto akitaka riwaya ya Kiswahili anaandika jina lake, anaelekezwa rafu ya 896.392, anaikuta. Mjumbe mmoja wa bodi aliniuliza chumba chenye rafu chache namna ile kina haja gani na kompyuta. Nilimjibu kwamba zamani kitabu kikitoka ndiyo kimetoka, na leo tunajua kila kimoja kiko kwa nani. Wazazi wa kidato cha nne, nanyi mjue kwamba tunajua.

Intaneti hapa kwetu mnaifahamu ilivyo. Kwa hiyo mkutubi na mwalimu wa TEHAMA wametafuta njia nyingine. Wamenunua kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayoenea kiganjani na isiyokula umeme mwingi, wakaiwekea programu ya Kiwix. Kazi ya Kiwix ni kuhifadhi tovuti nzima ili isomwe bila mtandao. Mkutubi anapakua mafaili akiwa mjini, anakuja nayo kwenye flashi, anayapandisha, na kuanzia hapo kompyuta zote za maktaba zinasoma bila senti ya bando. Humo mna Wikipedia ya Kiswahili, yenye makala zaidi ya 70,000. Vitabu vya kiada vilivyo kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania anawafungulia siku mtandao ukikubali. Hilo limetusaidia sana tangu mtaala mpya uanze mwaka 2024, kwa sababu vitabu vya Historia ya Tanzania na Maadili vilivyochapwa havikutosha hata nusu ya darasa.

Kilichonigusa zaidi ni PhET, majaribio ya sayansi yanayofanyika kwenye kompyuta. Yanatengenezwa na Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, chini ya mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Nobeli ya Fizikia mwaka mmoja kabla. Mwanafunzi anaunganisha betri, nyaya na balbu kwenye kioo, akikosea saketi inashika moto kwenye kioo, hakuna aliyeungua na hakuna kifaa kilichoharibika. Maabara yetu ina amita, yaani vipimo vya mkondo wa umeme, mbili tu zilizo nzima. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakisogea kwa zamu kuchungulia mkono wa mwalimu. Mtihani wa kufunga muhula umetoka, na katika Fizikia ya kidato cha tatu hakuna hata mmoja aliyepata F. Walimu wa hapa wanajua kwa nini nimeirudia sentensi hiyo mara tatu mstarini.

Vishikwambi navyo, vile tulivyopewa walimu baada ya kutumika katika Sensa ya mwaka 2022, havikai kabatini. Kila Alhamisi jioni mwalimu wa Kiingereza huenda navyo maktaba kwa kipindi cha kusoma kwa sauti. Mwanafunzi wa kidato cha pili anasoma ukurasa, kishikwambi kinarekodi, anajisikiliza kwa spika za masikioni, anasoma tena. Mtoto anajirekebisha mwenyewe bila mwenzake kujua alipojikwaa. Rekodi inafutwa siku ileile. Huo ndio ulikuwa utaratibu, na ulifanya kazi vizuri mpaka mwezi Mei.

Mwezi Mei mwanafunzi mmoja alijificha nyuma ya rafu na simu janja, akampiga video binti wa darasa lake akihangaika na aya moja ya Kiingereza. Video ile ikapandishwa TikTok ikiwa imewekewa muziki na sauti za kuku. Aliyeirekodi na aliyeipandisha wamepita kamati ya nidhamu, bodi imewasimamisha masomo, nao wamerudi na wameomba radhi. Hao ni watoto, na kwa upande wao nimelimaliza.

Kwenu ninyi sijalimaliza.

Simu ile haikuingia shuleni kwa miguu yake. Ilikuja siku ya kutembelea wanafunzi, ndani ya mfuko wa unga wa uji, imeletwa na mzazi. Mzazi huyo alipoitwa alisema alitaka mtoto apate mahali pa kujisomea. Mahali pa kujisomea pana kompyuta kumi na mbili na panafungwa saa mbili usiku. Angeuliza.

Halafu likaja lililoniuma zaidi. Video ilipofika kwenye kundi la WhatsApp la wazazi wa kidato cha pili, nilitarajia mtu mmoja, mmoja tu, aandike kwamba huyu ni mtoto wa mwenzetu, tuifute. Zikamiminika emoji za kucheka. Mmoja akaandika, "Hii ndiyo shule tunayoichangia." Wengine mkaisambaza kwenye makundi ya vikoba na ya kwaya. Bibi anayemlea binti huyo anatumia simu ya kitochi, kwa hiyo habari aliipata kisimani. Binti aliacha kuja shule, na matroni alikwenda kwao mara mbili kabla hajakubali kurudi. Kiingereza chake kibovu ni kazi yetu na tunaifanya. Hicho kicheko sijui ni kazi ya nani.

Kama aibu haitoshi, sheria ipo. Unyanyasaji wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Sijampeleka mtu polisi. Majina na muda wa kila ujumbe ninao.

Nimebadilisha mipangilio ya kundi: kwa sasa wanaoandika ni mkuu wa shule, mwalimu wa taaluma na mkutubi peke yao. Mkutubi ataendelea kutuma kila Jumamosi picha ya jalada la kitabu na aya yake ya kwanza, kwa sababu wapo wazazi wanaowasomea watoto, nao hawana hatia. Likizo hii pia atapokea maswali ya masomo kwa namba ya maktaba kuanzia saa nane mchana hadi kumi. Mpe mtoto simu kwa muda huo, kisha mnyang'anye.

Michango ya chakula. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa mwaka 2016, njaa haikufutwa. Mahindi na maharage mliyakubali wenyewe kwenye mkutano, kwa kunyoosha mikono, na muhtasari umesainiwa na mwenyekiti wenu. Hata hivyo muhula huu mpishi amekopa dukani kwa jina langu. Wapo wanaoniambia hali ni ngumu, na nikiwatembelea naona kweli ni ngumu. Hao tumekubaliana nao na wanaleta kidogo kidogo. Siwasemi. Nawasema wale ambao hawajaleta hata kibaba tangu Januari, lakini saa sita za usiku bando lao halijakatika na wako kundini wanatuma video za kuchekesha. Mavuno yametoka, kwa hiyo safari hii sitapokea hadithi ya mvua.

Utoro wa siku za mnada umezidi. Serikali ya mtaa ina orodha.

Siku ya kufungua, kila mwanafunzi wa kidato cha pili aje na mzazi wake mwenyewe, si kaka wala dereva wa bodaboda, kusaini fomu ya matumizi ya simu na picha za wanafunzi. Mifuko ya unga itamiminwa kwenye beseni getini, mbele ya mwenye mfuko. Vitabu vya maktaba virudi vikiwa na majalada yake.

Wenu katika malezi,

Mkuu wa Shule

Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mtendaji wa Kata, ubao wa matangazo, maktaba.