Swahiba, ile kanda nimeimalizia

Swahiba wangu,

Habari za huko Mbeya na baridi lake, na mguu je, tangu ile ajali ya lori? Shemeji kaniambia mhogo, ile plasta, wameshautoa ila bado unatembelea magongo na usiku hulali vizuri. Sisi huku Tanga wazima, mama anakusalimia sana, kila akiswali anakutaja, na kijana wangu wa pili anauliza baba mdogo wa malori anakuja lini.

Nakuandikia barua manake kwenye simu kila nikitaka kulianza hili jambo we unahamia kwenye mpira. Ile voisi uliyonitumia usiku wa manane nimeisikiliza kama mara nne. Pale uliposema "ningekuwa Michael Knight ningekaza tu, lile basi lingerudi saiti yake lenyewe", yule stelingi wa Knight Rider tuliyekuwa tunamwangalia utotoni. Ulisema kama unapita tu, afu ukaendelea na habari za tajiri wako na mzigo uliomwagika, lakini mi nimekujua tangu hatujaota meno ya pili, nilisikia kabisa kwamba hilo ndo linalokunyima usingizi. Tajiri kakwambia ungekaza, utingo wa gari la nyuma kasema ungekaza, na sasa na wewe umeanza kujiambia hivyo hivyo.

Sasa ngoja nikwambie nilichofanya. Niliitafuta ile episodi ya Knight Rider, ya Michael na Kitt, gari lake linaloongea. Unaikumbuka ile, ya gari mbili nyeusi zinazofanana? Tuliyoiangalia kule kibandani Ngamiani, ile deki iko juu ya meza na watoto tumekaa chini mpaka kwenye miguu ya watu, na yule kaka aliyekuwa anatutafsiria huku anakula miwa. Bara hatukuwa na televisheni yetu bado, hiyo ilikuja 1994, kwa hiyo sisi dunia yote tuliipata kwenye kanda zilizochoka zinapiga mistari. Na siku ile magari yanatazamana, stelingi huku adui kule, yanaanza kuja kwa kasi, umeme ukakatika! Tukakaa gizani mpaka tukafukuzwa, na ile kanda kesho yake ilishaazimwa ikapotea jumla.

Njia nzima tukabishana. Mi nikasema wamegongana wakapasuka wote. We ukasema hapana, Kaa, lile gari adui, atakwepa. Nikakuuliza umejuaje, ukasema "kwa sababu anajipenda". Ulikuwa na miaka kumi au kumi na moja hivi. Tukanuniana siku mbili kwa ajili ya gari la Wazungu.

Basi juzi usiku kijana kanishushia kwenye simu, tukaunganisha na TV, nikaiangalia yote mpaka mwisho. Inaitwa "Trust Doesn't Rust", ni ya msimu wa kwanza kabisa, ilirushwa Marekani Novemba 1982, tamthilia yenyewe ilianza Septemba mwaka huo huo pale NBC ikaenda mpaka 1986. Na ulikuwa sahihi swahiba. Miaka yote hii ulikuwa sahihi. Kaa alikwepa.

Ngoja nikuhadithie vizuri manake tulipokuwa wadogo nusu ya mambo yule kaka alikuwa anayatunga. Huyo tuliyekuwa tunamwita Kaa, kama kaa wa pwani, jina lake ni KARR, na ndiye aliyetengenezwa kwanza, kabla ya Kitt. Yani Kitt ni mdogo wake. Ile taasisi ya mzee Wilton Knight walimtengeneza huyo wa kwanza, nguvu ile ile, bodi lile lile lisiloingia risasi, akili ya kompyuta ile ile, ila kwenye programu yake amri ya kwanza waliyomwekea ni kujilinda mwenyewe. Wakaja kugundua ni hatari wakamzima wakamweka pembeni, na walipomtengeneza Kitt wakabadilisha hiyo amri moja tu, yeye kitu cha kwanza ni kulinda uhai wa mtu, na zaidi uhai wa Michael. Tofauti yao yote iko hapo. Ukiziweka zimesimama barabarani huwezi kujua ipi ni ipi, Pontiac Trans Am nyeusi zote, taa ile nyekundu inakimbia huku na huku mbele zote.

Afu wanaingia wezi wawili, vibaka tu wa kawaida, hawajui hata ni kitu gani wamekikuta, wanamwasha. Na hapa ndo nilikaa kimya swahiba, manake sisi tulikuwa tunamchukia Kaa tangu anaonekana, kumbe ukiangalia kwa utu uzima yule hana ubaya wake mwenyewe. Ni kama mtoto. Kaamshwa kutoka kwenye giza hajui dunia, na watu wa kwanza kukutana nao ni wezi, wanamwambia vunja hapa anavunja, beba hiki anabeba. Mtu hajawahi kumfundisha kwamba kuna kitu kingine cha kulinda zaidi ya yeye mwenyewe. Sauti yake alifanya Peter Cullen, nzito ya kutoka kifuani, ndiye yule yule aliyekuja kuwa sauti ya Optimus Prime kwenye katuni za Transformers, kijana wangu aliitambua kabla yangu. Ya Kitt ilikuwa ya William Daniels, na unajua huyo mzee hakutaka hata jina lake liandikwe kwenye zile picha za mwanzo na mwisho? Sauti ilirekodiwa peke yake studio, Hasselhoff, aliyecheza Michael, anaigiza anaongea na dashibodi tupu. Na zile sehemu gari linajiendesha bila mtu, kulikuwa na dereva amejificha ndani ya siti, amefunikwa asionekane. Nilipolijua hilo nilikukumbuka wewe, jinsi ulivyokuwa unasema gari haliwezi kwenda bila dereva, lazima kuna mtu mahali.

Haya, mwisho sasa, ile sehemu umeme ulipotukatikia. Michael anajua kwa nguvu hamwezi, bodi ni lile lile. Anachokijua ni kile ulichokijua wewe pale barabarani na kaptula yako ya shule. Kwa hiyo anamwelekea moja kwa moja, uso kwa uso, hapunguzi, na Kaa anapiga hesabu zake na hesabu zake zote zinarudi kwenye ile amri ya kwanza, jilinde, basi anapinda, anatoka barabarani, anaruka kwenye jabali mpaka chini.

Sasa najua ukisoma hapa utasema si umeona, Michael alikaza na ikawezekana. Subiri swahiba. Usiiweke barua chini.

Michael alikaza kwa sababu alikuwa anamjua aliye mbele yake. Alishaambiwa programu yake ina nini. Na alikuwa ndani ya Kitt, gari ambalo lingeweza kupigwa na kitu chochote lisiumie. Na kule ng'ambo hakukuwa na abiria. Wewe ulikuwa na nini? Ulikuwa na trela ya tani kadhaa nyuma yako, utingo wako kushoto amelala, na mbele basi limechomoka kwenye foleni ya malori likaja saiti yako na taa zote full, limejaa watu, na dereva wake humjui hata sura. Ungejuaje kama ameshtuka? Ungejuaje kama hakuwa amesinzia? Tajiri anasema ungekaza angerudi, tajiri alikuwa Dar amelala kitandani kwake.

Na kuna kitu kingine ambacho hatukuwahi kukijua, manake hatukuwahi kupata kanda yake. Kaa alirudi. Msimu wa tatu, Novemba 1984, episodi inaitwa "K.I.T.T. vs. K.A.R.R.". Vijana wawili wapenzi wanamkuta ufukweni amefukiwa na mchanga, kama kaa kweli kweli wallahi, wanamfukua, na safari hii amerudi na kinyongo na taa yake imekuwa ya njano. Na mwisho wake tena ni uso kwa uso, Kitt na yeye. Na safari hii hakukwepa mtu. Wote wawili wakaruka, wakagongana hewani, Kaa akasambaratika. Yani mwisho niliousema mimi siku ile njiani, wa kugongana, ulikuwepo, ila wa miaka miwili mbele. Nilipoona hapo nilisimamisha video nikatoka nje nikakaa kibarazani. Sio kwa ajili ya sinema. Nilikuwa naliona lile basi na lori lako.

Huyo huyo mmoja, uso kwa uso vile vile, mara ya kwanza alikwepa na mara ya pili hakukwepa. Na Michael alikuwa anamjua. Wewe ulikuwa na sekunde ngapi?

Mi ni fundi swahiba, we unajua sina maneno mengi, lakini kazini kwangu hawa kina Kaa nawaona kila wiki. Magari ya sa hivi kontrol boksi yake ikiona giaboksi limechemka inakata nguvu, gari linakuwa zito halipandi, limejilinda. Alikuja mama mmoja, gari yake ilikata nguvu hivyo hivyo akiwa kwenye kilima cha Kitonga na watoto wake ndani, nyuma yake kuna semi inapumua. Gari ilikuwa sahihi kabisa kwa hesabu zake, giaboksi lilipona. Yule mama anaielezea huku mikono inamtetemeka mpaka mi nikaenda kumletea maji. Ile gari haikujua kama kuna watoto. Mtu hakuiwekea hilo.

Ndo maana nataka ulisikie hili kutoka kwangu, sio kwa simu utabadilisha mada. Ukisema kwenye ile voisi "labda niliogopa tu", umejiweka upande wa Kaa, kwamba ulijikwepea. Lakini ungekuwa unajikwepea ungelipeleka wapi lile lori? Nimeuliza watu wawili waliofika pale, na yule utingo wako nimeongea naye kwa kirefu, alikuja Tanga kwa dada yake. Kaniambia ulipopinda kushoto kwanza ulimvuta yeye kwa shati ukamleta katikati, kwako, ndo maana ule mti uliopasua mlango wa kushoto haukumkuta pale. Yeye katoka na mikwaruzo. Wewe ndo mguu. Hukuniambia hilo. Hata shemeji hukumwambia, nilimuuliza hakuwa na habari. Mkono mmoja kwenye usukani, mmoja kwenye shati la kijana wa watu, na lile basi likapita na watu wake wote wakaenda zao wala hawakusimama.

Sasa niambie, amri ya kwanza kwako ilikuwa ipi?

Najua mzigo ulimwagika na najua tajiri anataka kukukata, na hilo tutalipambania, kuna mwanasheria wa chama cha madereva nimeshaongea naye kasema uandike maelezo yote kwa mkono wako, pamoja na hiyo habari ya utingo, tarehe, saa, na jina la mahali. Fanya hiyo kazi wiki hii tafadhali. Yule kijana amekubali kutoa ushahidi, na mwenyewe analia akiongea habari zako.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi, nimeifunga na nailoni isiingie maji, nimempa konda wa basi la asubuhi. Ina episodi zote mbili, ya 1982 na ya 1984. Usiziangalie peke yako usiku, angalia na shemeji na watoto, uwaambie wewe ndo ulijua mwisho kabla ya mtu yeyote Ngamiani nzima. Mama kasema mguu ukikubali safari uje ukae hata mwezi, chumba cha uani kipo, na asubuhi tutakuwa tunaenda taratibu mpaka Raskazone, maji ya chumvi mazuri kwa mguu.

Na deni langu nalikiri. Siku zile za kununiana tulisema atakayeshindwa atanunua mihogo ya kukaanga na ndimu na pilipili. Nitainunua. Njoo uile.

Nduguyo,
wa barabara ya kumi na tatu